Birika la Mama Kimya

Mama Kimya hakuzaliwa mkimya, msidanganyike. Mdomo wake haukuwa na breki. Jina alipewa na majirani kwa sababu kila akifunga mlango wa chumba cha uani, mtaa mzima ulisikia: "Kimyaaa!"

Humo alipiga hologramu, yaani picha za leza zenye umbo kamili, za vyungu vya makumbusho, vile dhaifu visivyosafirishika, ili watu wa mbali wavione pande zote bila kuvigusa. Mwanga wa leza aliugawa mara mbili: mmoja uende moja kwa moja kwenye kioo kilichopakwa dawa, mwingine upige chungu kwanza ndipo urudi kiooni. Hapo mianga hiyo miwili inapokutana, ndipo umbo linapoandikwa. Chungu kikitikisika hata chini ya unene wa unywele, kazi imekwisha. Ndiyo maana meza yake ilikalia mipira ya matairi.

Sasa, mabinti zake wawili walikuwa wanahamia miji tofauti, na kila mmoja alilitaka birika la marehemu bibi yao. Wakanuniana wiki nzima. Mama yao alikosa raha kabisa. Mwishowe akakata shauri: mmoja achukue birika, mwenzake hologramu yake.

"Kaeni hapo ukutani. Asipumue mtu!"

Kioo cha kwanza kiliharibika, mdogo alipiga chafya. Cha pili, baba yao akaanza kukoroma chumba cha pili.

"Jamani, huyu mwanamume hata usingizini ana la kusema!" mama akafoka. Mabinti wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka kwamba wamenuniana.

Cha tatu kikakubali. Walipokimulika kwa leza, birika likasimama nyuma ya kioo kama lipo. Ukiinamia huku unaona mkono wake, ukiinamia kule unaona mdomo uliomeguka.

"Mimi nachukua hiki," akasema mkubwa.

"Thubutu! Si ulililia birika wewe?"

Vuta nikuvute, kioo kikapasuka katikati. Kila binti akabaki na kipande mkononi. Mama Kimya akashika kiuno, halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mulikeni tena, muone."

Katika kila kipande mlikuwa na birika zima, maana kila sehemu ya kioo ilikuwa imepokea mwanga wa birika lote. Ila kipande cha mkubwa kililionyesha zaidi upande wa mkono, na cha mdogo upande wa mdomo.

"Na birika lenyewe?" wakauliza kwa pamoja.

"Nimeghairi! Kitu cha mama yangu sikitoi tena." Akalibeba kuelekea jikoni. "Linabaki hapa. Anayetaka chai yake, aje na mwenzake."