Analala Vihiga, Anapika Kakamega

Jescah Ayuma hakupendwa kwenye mlima wa Imbale, na hakuwahi kujitahidi apendwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu minene na sauti isiyojua kunong'ona, na kila asubuhi alipitisha baiskeli yake nyeusi katikati ya barabara kama mtu apitaye ndani ya shamba lake. Watu walimwita Mama Cindy, kwa jina la binti yake. Vijana wa pikipiki walikuwa na jina jingine, lakini hawakulitamka akiwa karibu.

Kazi yake ilikuwa maziwa. Alizunguka boma kwa boma huko juu kwenye ng'ombe, mitungi imefungwa kwenye kereya kwa mpira wa tairi, akateremka nayo imejaa hadi hoteli za chai za soko la Khayega, kisha akairudisha mlimani mitupu. Kuteremka kulitaka breki na roho ngumu. Kupanda kulitaka kichaa kidogo. Barabara ya Imbale inaanza kwa upole darajani, inapinda kwenye jiwe kubwa lililojitokeza kama ng'ombe aliyelala, halafu inasimama wima kama ukuta. Hata pikipiki zikiwa na abiria wawili hulia pale.

Na mpaka wa kaunti unapita humo humo, umejipinda kama utumbo. Darajani uko Kakamega. Kwenye kona ya jiwe umeingia Vihiga. Ukipita kanisa la Friends umerudi Kakamega, na huko kileleni kuna majirani wawili wanaoazimana chumvi kila siku ilhali kila mmoja ana gavana wake. Kwa Jescah mpaka ulikatiza uani. Wapima ardhi walipokuja walisimika bikoni, nguzo fupi ya kuonyesha mpaka, kati ya mlango wa jiko na kamba ya nguo, wakanywa chai yake, wakaenda zao. Nyumba ikabaki Vihiga, jiko likabaki Kakamega.

Mumewe, Isaiah, alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari upande wa Kabras na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Baiskeli ilikuwa yake kwanza. Alipopata kazi aliiacha imeegemea ukuta, na siku moja aliporudi akakuta mkewe amekwisha kujifunza kuiendesha na kuizoea.

"Mama Cindy, mwanamke mzima kunyonga pedali mbele ya wazee!" alisema.

"Wazee wakiona vibaya wageuke," Jescah akamjibu.

Adui yake hasa aliitwa Weldon, mwenyekiti wa steji ya bodaboda pale darajani. Kabla ya pikipiki kujaa, Weldon alikuwa mwendesha baiskeli aliyesifika. Alikuwa bado anasimulia jinsi alivyompandisha mjamzito hadi kileleni bila kushuka. Sasa alikuwa na kitambi na koti la kuakisi mwanga, na vijana wake walitaka maziwa ya Imbale yateremke kwa pikipiki. Wengi wa wenye ng'ombe walikubali. Wachache waligoma, kwa sababu Jescah alifika kabla ya jua kuwa kali na hakuwahi kuongeza maji. Wachache hao walimuuma Weldon kama mwiba wa unyayoni.

Asubuhi moja ya mvua, Jescah akiteremka na mzigo, pikipiki ilitokea nyuma yake kwenye kona ya jiwe. Ilikuwa na nafasi ya kutosha kupita. Haikupita. Ilimkwaruza kwenye mtungi wa kulia, baiskeli ikayumba, ikalala, na maziwa yote yakateremka mtaroni mbele yake. Aliyeiendesha alikuwa Weldon, na hakusimama. Aligeuza kichwa tu, akapiga honi.

Jescah alikwenda kushtaki na matope yake mwilini. Kwenye kituo cha chini polisi wa zamu alimsikiliza vizuri, kisha akauliza, "Ni kona gani hiyo?"

"Ya jiwe."

"Hiyo si yetu, mama. Hiyo ni Vihiga."

Akapanda tena mlima wote, akavuka ng'ambo. Kule wakamuuliza alikuwa upande gani wa barabara alipogongwa. Akasema kushoto, akiteremka. Wakatazamana, wakamwambia upande wa kushoto ni wa Kakamega. Alirudi nyumbani, akafua nguo, akazianika Vihiga, akaingia Kakamega kuwasha moto. Hakulia. Alisonga ugali kwa hasira hata mwiko ukavunjika.

Baada ya mavuno, kilabu kimoja cha baiskeli cha mjini Kakamega kilitangaza mashindano ya kupanda Imbale. Msimamizi alikuwa binti mmoja aitwaye Michelle, mfanyakazi wa kilabu, mwenye miwani myeusi na kipaza sauti. Siku ilipofika darajani palijaa watu. Walikuja vijana wa chuo kikuu na baiskeli za gia, wakakuja wauza mkaa na baiskeli zao zilizofungwa kwa waya. Weldon naye alikuja, ameazima baiskeli nyepesi ya mpwa wake, amevaa kaptura iliyombana.

Jescah alijiandikisha mwisho. Michelle alipomfunga namba mgongoni, Weldon akapaza sauti.

"Madam, ngoja kwanza! Si mmesema ni ya wakaaji wa Kakamega? Huyu si wa huku."

"Kura napigia Kakamega," Jescah akasema. "Unanionanga kwa foleni."

"Kura si usingizi. Madam, uliza mtu yeyote hapa. Huyu mama anapikanga Kakamega, lakini analalanga Vihiga. Mtu ni wa pale anapolala!"

Watu wakaangua kicheko. Hata wale walionunua maziwa kwake walicheka. Michelle alitazama huku na huku, akauliza kama ni kweli, na watu wakaitika kwa pamoja kwamba ni kweli kabisa. Akamwomba Jescah radhi kwa sauti ndogo, akaifungua namba. Alisema sheria si yake.

Jescah alimtazama Weldon mpaka kicheko kikapungua.

"Sawa," akasema. "Sishindani. Naenda nyumbani kwangu. Na nyumbani kwangu kunapandwa kwa barabara hii."

Filimbi ilipolia aliwaacha wote waondoke, kisha akapanda baiskeli yake, bila namba, mitungi mitupu ikigongana nyuma.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Vijana wa gia walipotea mbele na Jescah hakuwajali; hakuwa amekuja kwa ajili yao. Alikuwa akitafuta kaptura moja tu. Wauza mkaa walishuka mmoja mmoja kabla ya kona, wakasukuma, wakamwambia, "Enda tu, mama." Mwingine alimtemea mate miguuni. Alipanda jinsi alivyozoea, akiikata barabara kutoka ukingo hadi ukingo kama mtu anayeshona, asiupe mlima kifua chake moja kwa moja.

Kwenye jiwe akamkuta. Weldon alikuwa amesimama juu ya pedali, shati limelowa, anapumua kwa mdomo. Alisikia mitungi na akajua ni nani. Jescah alipoingia ubavuni mwake, akamsukuma kwa kiwiko.

"Rudi kwenu!"

"Nisukume tena," Jescah akasema.

Akamsukuma tena. Safari hii Jescah hakukwepa. Aliukaza mkono, akaegemea kwa uzito wake wote, na mtungi ukagonga usukani wa baiskeli ile nyepesi. Gurudumu la mbele la Weldon likapinda kwenye changarawe. Alianguka upande wa mtaro, akatoa kilio kikali ambacho watu wa darajani walisema baadaye kwamba walikisikia.

Jescah alikisikia vizuri kuliko wao. Alipokisikia alikanyaga kwa nguvu zaidi. Hilo hakumwambia mtu.

Alipita kanisa, akapita wanafunzi wawili waliokuwa wakitapika ukingoni, akapita utepe wa mwisho bila kumtazama mtu. Hakuna aliyempigia makofi. Aliendelea mpaka nyumbani, akafungua mitungi, akaiosha, ingawa haikuwa imebeba kitu.

Weldon alivunjika mfupa wa bega. Jioni hiyo hiyo mama yake, Pascalia, mwanamke mkongwe mwenye fimbo, alifika na wanaume wa ukoo, wakasimama uani bila kukubali viti. Isaiah alikuwa amepigiwa simu, amekuja kwa haraka kutoka Kabras na nguo za kazi.

"Ulimwacha mtoto wangu kwa mtaro kama mzoga wa mbwa," Pascalia alisema.

"Mama, mimi aliniacha kwa mtaro huo huo na maziwa yangu. Ulikuja kunipa pole?"

"Wewe hukuvunjika!"

"Hakujua kama nimevunjika. Hakusimama aone."

Isaiah akamshika mkewe mkono. "Mama Cindy, omba msamaha yaishe. Mbele ya mama."

"Nikiomba nitakuwa nadanganya mama."

Pascalia alipiga fimbo chini, akasema kuanzia siku hiyo moto wa nyumba yake hautachukuliwa na mtu wa nyumba ile, wala maji. Wakaondoka. Isaiah alikaa jikoni bila kula, na alfajiri alirudi kazini bila kuaga. Mwezi huo hakuja nyumbani. Uliofuata alikuja, akalala akiangalia ukuta.

Steji nzima ilimgomea. Hakuna pikipiki iliyombeba yeye wala mtoto wake. Cindy, aliyesoma sekondari ya kutwa, alitembea na begi lake kwenye jua huku pikipiki tupu zikimpita. Wawili kati ya wenye ng'ombe waliona aibu mbele ya ukoo wa Weldon, wakamwambia Jescah maziwa yamepungua. Alijua hayakupungua. Aliyebaki naye kwa uaminifu alikuwa Abigail, mjane wa kileleni, na yeye alimwambia wazi sababu.

"Mimi sikupendi, Jescah. Una mdomo mbaya. Lakini wale wa pikipiki wanatiliaga maziwa yangu maji, na hoteli zinanitukana mimi."

"Nashukuru," Jescah akasema. Ilikuwa shukrani ya kweli.

Alipopoteza wale wawili alivuka mpaka, akaanza kukusanya maziwa ya upande wa Vihiga, njia ndefu zaidi na yenye mawe. Miguu yake ikawa migumu kuliko zamani. Mwaka uliofuata Michelle alikuja mwenyewe mpaka uani, akasema kilabu kimefungua mashindano kwa kaunti zote mbili, na kwamba yeye binafsi alipigania jambo hilo. Jescah alimpa chai. Akamwambia hana nafasi, ana kazi.

Bega la Weldon liliunga vibaya kidogo, likashuka upande mmoja. Alirudi kwenye pikipiki. Kila asubuhi walikutana mahali fulani mlimani, yeye na Jescah, na hawakusalimiana. Huko kwetu, kupita mtu bila salamu ni kumwambia amekufa.

Halafu siku moja, baada ya mwaka mzima wa kimya, Weldon alisema naye. Jescah alikuwa anateremka na mitungi iliyojaa, barabara imelowa, na pikipiki ikaja sambamba naye juu kidogo ya kanisa.

"Mama Cindy! Breki yako ya nyuma imeachia!"

Sauti haikuwa na kejeli. Aliburuta viatu, akaiegemeza baiskeli kwenye ukingo, akashusha mitungi mizito mmoja baada ya mwingine, akapiga magoti kwenye matope. Alivuta fito za breki, akazungusha gurudumu, akavuta tena. Breki ilikuwa imekaza kama alivyoikaza mwenyewe nyumbani.

Aliposimama, pikipiki ilikuwa imekwisha kupita kona, na mtungi wa maziwa wa Weldon uling'aa mara moja kabla ya kupotea. Angefika kwenye hoteli za Khayega kwanza. Jescah alijifuta magoti, akaanza kuifunga mitungi upya, akiwa ameduwaa zaidi kwa jambo moja: kwamba alikuwa amemwamini.