Farasi Aliyerudi Nyumbani Peke Yake

Farasi huyo nilimpata kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyemtaka. Shamba moja la upande wa mlimani lilikuwa linapunguza farasi wake, na daktari wa mifugo aliyekuwa akitutibia mbuzi akaniambia kwamba amebaki jike mmoja mwekundu ambaye ameshawaangusha wageni kadhaa. Daktari huyo alikuwa mwanamke wa rika langu, Mmeru, mwenye mazoea ya kusema jambo mara moja tu. Alijua kwamba utotoni mjomba wangu alinifundisha kupanda, mpaka siku ilipoamuliwa kuwa nimekuwa msichana mkubwa na haifai tena. Hakunishawishi. Alisema yupo, basi.

Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Kazi yangu ilikuwa kusimamia malori aliyotuachia baba, yanayopeleka bidhaa Merti na kurudi na mifugo. Siku nzima niliketi nyumbani, mtaa wa Wabera mjini, nikiongea kwa simu na madereva waliokwama kwenye mchanga. Niliishi na mama yangu, naye farasi alipofika aliniuliza swali moja.

"Wa nini?"

"Wa kupanda."

"Kwenda wapi?"

Nikaenda kutafuta mbao za banda.

Tulimjengea banda kwenye kiwanja tunachoegeshea malori. Palikuwa mahali pabaya kwake. Alishtushwa na breki za upepo, na turubai likipigapiga, hata na kuku. Nikishampanda hakutembea, alicheza kiupande, kichwa juu, akivuta hatamu mpaka mikono yangu ikaingia ganzi. Baada ya wiki chache nilimpigia daktari nikamwambia nataka arudishwe.

Alikuja, akamtazama akizunguka bandani.

"Hana ugonjwa, dada. Wewe unamtoa kidogo, halafu unamrudisha ndani wakati ndiyo kwanza amechangamka. Mpeleke mbali."

"Mbali wapi?"

"Upande wa Leparua. Toka alfajiri mpaka jua liwe kali. Na kuna watu wanashindana hivyo, safari ndefu ya farasi. Haisaidii kutangulia kama farasi amefika amechoka kupita kiasi. Daktari anampima njiani, na moyo ukikataa kutulia, wanamtoa."

Nikaanza kutoka baada ya swala ya alfajiri. Ilikuwa kweli kwamba umbali ulimbadilisha, lakini si haraka. Kwanza alinipigania mpaka mji upotee nyuma yetu, ndipo akaanza kwenda matiti, ule mwendo wa kati usio kutembea wala kukimbia, masikio yakiwa mbele. Nilijifunza kutomjibu. Akishtuka, nilikaa. Akivuta, nililegeza kidogo. Sikuwa nimewahi kuwa mtu mtulivu, na sidhani nilikuwa nimetulia. Nilikuwa nimeamua tu kutofanya chochote.

Asubuhi moja digidigi aliruka kutoka kichakani, na nilipozinduka nilikuwa juu ya vichaka vya mikwata, miiba imeshika dera na mtandio, na farasi amekuwa vumbi linaloelekea mjini. Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa tandiko. Nikaanza kutembea.

Yeye alipita Wabera kabla yangu. Watu waliokuwa wakifungua maduka walimwona akienda shoti, tandiko limeanguka ubavuni, na simu inaita. Aliyekuwa akipiga ni mama. Mwenye boda aliyenikuta barabarani alifunga breki akasema, "Mama, kwani si wewe umekufa?" Nilipofika nyumbani wanawake wa jirani walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, mmoja analia. Niliwasalimia, "Salaam aleikum," na hakuna aliyeitikia. Mama yangu alikuwa ameketi wima kati yao, mikono mapajani. Hakuinuka.

"Umeumia?"

"Miiba tu."

Aliwaambia wale wanawake wanywe chai, kwa kuwa ilikuwa imeshapikwa. Jioni, akinitoa miiba mgongoni kwa sindano, aliniuliza.

"Kesho utampanda tena?"

"Nitampanda."

"Basi simu ikae kwako, si kwa farasi."

Safari yenyewe ya mashindano, niliyokuwa nimejiandikisha, ilifanyika ukame ulipokuwa umeanza, kwenye njia za hifadhi huko Leparua. Tulimpeleka kwa lori. Mama alikuja pia, akisema anafuata tu kivuli cha miti ya huko. Wengi wa washindani walikuwa watu wa mashamba makubwa, na farasi wao walisimama kimya wakisubiri. Wangu alipoona farasi wengi namna ile alisimama kwa miguu ya nyuma. Niliwaacha wote waondoke kwanza, nikidhani nimefanya busara. Ikawa sehemu nzima ya kwanza ananiburuta kuwafuata, povu likimtoka shingoni.

Tulipofika kituo cha kupimwa, daktari wetu, aliyekuwa mmoja wa wapimaji, aliweka kifaa chake kifuani pa farasi akasikiliza.

"Bado."

Nikammwagia maji. Nikampapasa. Akapimwa tena.

"Bado. Na usinitazame hivyo, siwezi kukupitisha kwa sababu tunajuana."

Muda unaoruhusiwa moyo kutulia ulikuwa karibu kwisha. Mama alishuka kutoka kwenye lori, akaja akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kamba. Wewe nenda ukae mbali."

Nilikaa upande wa pili wa lori. Nilimsikia akiongea na farasi kwa Kisomali, akimkemea polepole, bila hasira, kwa sauti aliyokuwa akitukemea nayo tulipokuwa na homa na hatutaki dawa. Nilipoitwa, farasi alikuwa ameinamisha kichwa, na daktari alikuwa amekwisha kusema aendelee.

Sehemu ya pili tulikwenda peke yetu. Ndovu walivuka mbele yetu, naye akasimama akiwatazama mpaka wakapita. Kwenye mteremko wa mawe nilishuka nikatembea kando yake. Kisha akaenda matiti kwa muda mrefu sana, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na ubishi wowote kati yetu. Nilifikiri ningefurahi zaidi. Nilichohisi ni nafasi tu, kama chumba kilichoondolewa vyombo.

Mwishoni moyo wake ulikuwa mzuri. Lakini alipokimbizwa mbele ya wapimaji walimwona akichechemea mguu wa mbele, kidogo sana, na wakasema hatukumaliza, kwa kuwa farasi anayechechemea hahesabiwi. Daktari alinieleza kwato imegonga jiwe na itapona. Nilikubali.

Tulirudi mjini lori likienda taratibu kwa ajili yake. Njiani mama aligeuka kuangalia dirisha dogo la nyuma.

"Anajua wamemkataa?"

"Hajui, Mama."

"Usimwambie."