Malkia wa Miezi Miwili Jikoni kwa Dani

Muhula huu mwalimu wetu wa jiografia aliingia darasani na redio kwapani, akatuambia tunyamaze, kuna watu wametumwa mwezini. Hapa Homa Bay wasichana arobaini wakaachama midomo. Mimi nikapiga miayo. Mwalimu akauliza kama nimechoka. Nikamwambia hapana, mwalimu, ni vile mimi huko nilishapita nikiwa darasa la sita. Kwa jibu hilo nilifyeka nyasi za uwanja siku mbili, na katika kufyeka jiko la dani likanirudia lote, pamoja na moshi wake.

Dani ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya. Kwake ni nje ya Migori, pale mashamba yetu yanapopakana na ya Wakuria. Likizo ya Aprili kazi yetu ya jioni ilikuwa kumenya njugu, na jirani yetu alikuja kutusaidia, yaani kutusaidia kuzila. Alikuwa Mkuria, mjane mwenye ng'ombe wengi na asiye na mtoto, na kwa mila yao alikuwa ameoa. Ndiyo, ameoa, mwanamke mwenzake, kwa ng'ombe, mchana peupe. Watu husema ndoa za namna hiyo ni za kutafutia nyumba jina tu. Labda. Lakini mimi nilimwona yule mke akimkanda miguu, na nilimwona jirani akimfichia pande la samaki lenye mafuta. Sijui nani hulifichia jina samaki.

Kitabu kililetwa na baba mdogo. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa mgodi wa dhahabu, na Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao, baba mdogo akarithi sufuria mbili na riwaya moja ya Kiingereza. Kwenye jalada palikuwa na wanawake wawili wenye mavazi meupe wakipaa katikati ya nyota. Baba mdogo Kiingereza hajui. Akaapa ni kitabu cha dini. Katekista akakitazama mbele na nyuma, akasema kitatufaa sana, hasa Kwaresima hii. Basi tukakisoma kwa baraka zote za kanisa.

Kumbe! Kilikuwa cha malkia wa sayari yenye miezi miwili, aliyempenda rubani wake wa roketi, mwanamke mwenye nywele fupi. Mawaziri walitaka malkia aolewe na mtoto wa mkuu wa majeshi, ili wapate mlango wa kuingilia ikulu. Palikuwa na wapelelezi, sumu ndani ya matunda, barua zilizoshonewa ndani ya glavu. Nilitafsiri kwa Kiswahili, maana jirani Kijaluo chake kilikuwa kidogo, na dani Kikuria hakujua hata cha kuombea maji. Kiingereza changu nacho kilikuwa na mashimo, na kila shimo nililiziba kwa uongo. Roketi ilipoishiwa, niliijaza mafuta ya taa.

Nilidhani wataziba masikio nikifika kwenye mapenzi. Wapi! Dani alichokataa ni roketi. "Chuma hakiruki hivyo, nyakwara. Danganya mjukuu wa mwingine." Lakini malkia kumpenda rubani alikumeza bila kutafuna. Jirani aliuliza swali moja tu.

"Ng'ombe wangapi?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi hao mawaziri wana haki ya kulalamika."

Na fitina walizijua kuliko mimi. "Huyo waziri anayecheka kabla mwenzake hajamaliza kusema," dani alisema, "huyo ndiye mwenye sumu." Kurasa thelathini baadaye, ni yeye! Tangu siku hiyo navivulia kofia vitabu vya aina hii. Vinaipeleka ikulu mbali kule nyota zilipo, ili ukae jikoni uwaseme wakubwa wote na wapendanao wote bila mtu kukushtaki kwa chifu.

Sasa, jirani alitaka kubatizwa Pasaka. Nyimbo za kanisa alizipenda kuliko waliozitunga. Katekista akamwambia maji yapo, ila kwanza amrudishe yule mke kwao, na jibu alitaka kabla ya Jumapili ya Matawi. Jirani alitueleza hayo huku akimenya njugu, bila kuinua uso. Mkewe alikuwa amekwenda mtoni.

Kisha akasema, "Soma."

Nilitamani kitabu kiungue. Maana siku hiyo baraza lilimwambia malkia achague, kiti au rubani, na mimi nilikuwa nimeshaisoma sehemu hiyo mbele, chooni. Malkia alichagua kiti. Nikavuta pumzi niwaoze wale wawili, niwape na shamba.

"Malkia akasimama, akavua taji, akasema..."

"Wewe mtoto." Jirani hakujua kusoma hata jina lake. "Ukisoma macho yako hutembea. Sasa yamesimama. Soma kilichoandikwa."

Nikasoma. Malkia akaketi. Rubani akafungiwa ndani ya roketi, peke yake, akatumwa gizani, na malkia hakwenda hata dirishani kumtazama.

Jirani akaacha kumenya.

"Huyo malkia ni mjinga," jirani akasema. "Hicho kiti kitamkanda miguu?"

"Yawa, mwenzangu, ni kitabu tu," dani akamtuliza.

"Ndiyo, kitabu. Si katekista mwenyewe alisema kinafaa Kwaresima?"

Akainuka, akakung'uta maganda, akaenda kwa katekista na vumbi la njugu usoni.

Alichomwambia sikijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba Pasaka waliobatizwa walikaa mbele, weupe kama mayai, na yeye na mkewe walikaa benchi la mwisho, wakaimba mpaka kwaya ikapotea njia ikabidi iwafuate wao. Katekista aliinamia kitabu cha nyimbo kama mtu aliyedondosha kitu humo.

Mwaka jana jirani na mkewe walivuka mpaka na ng'ombe wao, wakahamia kwa ndugu zake Tanzania. Riwaya yetu baba mdogo aliimaliza kwa kusokotea tumbaku, ukurasa kwa ukurasa. Siku hizi nasoma nyingine kama hiyo kimya, nimeificha ndani ya atlasi, na ni tamu, sikatai. Usiku nisiposoma silali. Lakini malkia akikosea humu bwenini, kosa lake linabaki pale pale kwenye karatasi. Hakuna anayeacha kazi yake akatoka nje kwa hasira kwenda kulirekebisha.