Pita Juu ya Misumari

Nakumbuka siku ile kwa goti langu la kushoto, mwanangu. Kila likiuma, inanirudia. Sijaota mvi hata moja, nawe ndiyo kwanza unajifunza kushika kalamu, lakini kovu nalo lina umri wake.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nina kamera ya kuazima na maswali mengi kuliko subira. Nje kidogo ya Shelui palikuwa na kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, na siku ile ndiyo kilikuwa kibomolewe. Katapila lilishafika, linanguruma uani. Nilitaka picha kabla halijaanza.

Mlinzi, Mzee Msengi, ndiye aliyekuwa fundi wa mashine humo tangu ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipandisha ghorofani kwenye sakafu ya mbao. "Binti, pita juu ya misumari," akasema, akinionyesha mistari ya vichwa vya misumari vilivyoshika kutu.

"Kwa nini?"

Mzee alikuwa mtu wa kuvuta pumzi kabla ya kusema. Sikumngoja. Nilijiambia ni miiko tu, kama ile ya kutopiga mluzi usiku. Na ile methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilikuwa naichukia. Niliiona kufuli la midomo ya vijana. Nikaweka jicho kwenye kamera, nikarudi nyuma hatua moja, mbili, ili mashine zote ziingie kwenye picha.

Ubao ukakatika. Mguu ukazama hadi pajani. Kwenye tundu nikaona, mbali chini, shimo la mtambo wa kufunga marobota ya pamba, vyuma vimesimama vikiniangalia. Kila nilipojitikisa, mbao zililia.

"Usitapetape!" Mzee akalala kifudifudi juu ya mstari wa misumari, akanyoosha mkono. "Lete mkono."

Mmoja ulikuwa umeng'ang'ania ubao. Wa pili ulishika kamera.

"Na kamera, mzee?"

"Haya, nivute kamera, wewe ubaki?"

Nikaiachia, nikampa mkono, akanivuta. Ilikawia kabla sijaisikia ikigonga chuma.

Nje, akinifunga goti kwa kitambaa chake, ndipo alipomaliza ile pumzi yake. "Chini ya msumari kuna boriti. Kwingine ni ubao mtupu, na mchwa. Huko chuo walikufundisha kuuliza. Kungoja jibu je?"

Nikauliza upya: pamba iliingilia wapi, mbegu ziliangukia wapi. Safari hii nilingoja. Picha sina hata moja, mwanangu. Yote ninayoyajua ya kiwanda kile ni aliyonieleza pale, akipaza sauti huku kuta zikianguka nyuma yake.

Basi sikukatazi kuuliza. Muulize mwalimu, muulize shehe na padri, niulize mimi hata nikinuna. Kuuliza si ujinga. Ila ukishauliza, simama hapohapo mpaka ujibiwe, hasa kama anayejibu ni mzito wa kusema.

Mungu akujalie maswali yasiyokwisha, na kila unapokanyaga, akuwekee boriti chini.