Bukta ya Deo na Mizani ya Kahawa

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba bondia mwenye uzito mkubwa hupewa pointi pale pale kwenye mizani, kabla hata kengele ya kwanza haijalia. Habari hiyo aliileta dereva wa lori la kahawa pale Kamachumu: alituambia kuwa huko Dar es Salaam bondia mmoja alikanyaga mizani, mshale ukazunguka mpaka ukakatika, mpinzani wake akavaa viatu akaenda zake nyumbani analia. Mnaweza kucheka. Mimi nilikuwa nimehitimu shule ya usiku, cheti kiko ukutani, nawasomea majirani gazeti, na bado niliimeza habari hiyo bila maji. (Nitetewe kidogo: kwetu kilichopanda mizani kilikuwa kahawa, na kahawa ikizidi uzito ndiyo furaha ya mkulima, hata wapo waliotia kokoto kwenye magunia, siwataji, wengine ni ndugu zangu.)

Sasa, mpwa wangu Deo, mtoto wa dada yangu, alikuwa bondia. Mikono yake ilikuwa minene kama mashina ya mgomba, au ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu. Uhuru ulikuwa ungali mpya, kila kijana alitaka kuwa kitu, na Deo alitaka kitu kimoja tu: kuishi kwa ngumi zake. Akaja promota kutoka Mwanza na bondia wake waliyemwita Nyundo, akatangaza kwamba Deo akimshinda Nyundo pale Bukoba, atamchukua Dar es Salaam apigane ngumi za kulipwa. Dada yangu aliwasha mishumaa kanisani mpaka padri akauliza kuna nini.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Kitendaguro, nikasema bukta ya pambano naishona mwenyewe. Niliifumua ile yake ya zamani kupata kipimo, nikakata kaki mpya, na nilipofika kwenye pindo la kiuno shetani akaniletea yule dereva wa lori kichwani. Nilikuwa na chubwi, vile vyuma vya kuzamishia nyavu, alizoniachia mvuvi mmoja wa Bumbire. Nikazishonea humo moja moja, kwa upendo kabisa.

Siku yenyewe nilimpa bukta dakika ya mwisho, akiwa amekwisha kuitwa apimwe.

"Mjomba, mbona nzito hivi?"

"Kitambaa cha Uhuru hicho," nikamwambia. "Vaa."

Mizani, kwa kuwa mji haukuwa na nyingine ya kumpima mtu hadharani, ilikuwa mizani ya kahawa iliyoazimwa kutoka ghala la ushirika, pamoja na karani wake, bwana mwenye tumbo la heshima, na ilipowekwa kando ya ulingo nikajua dereva hakudanganya. Nyundo akapanda, sawa. Deo akapanda, mshale ukapita mbali, na mimi, peke yangu katika uwanja mzima, nikapiga vigelegele kama bibi harusi amefika.

"Amezidi," akasema mwamuzi. "Hapigani."

Deo akamgeukia. "Waitu, jamani zangu, jana nilipimwa nikawa sawa! Nivue bukta mnipime tena."

Wakamzungushia shuka, akavua, bukta ikaanguka juu ya chuma cha mizani ikalia ngwa! kama sufuria. Karani (mtu aliyezoea kokoto za wakulima) akaibinya, akachana pindo, chubwi zikamwagika. Kocha wa Nyundo akaruka: "Vyuma! Alitaka kuvitia kwenye glavu amuue kijana wangu! Askari!" Na askari kweli akaja, akamshika Deo mkono akiwa ndani ya shuka.

Deo hakumtazama askari. Alinitazama mimi.

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema, "nimeshona mimi, yeye hajui. Nilitaka azidi uzito apate pointi."

Kisha kikapasuka kicheko ambacho nasadiki kilisikika ng'ambo ya ziwa. Nyundo mwenyewe alikaa chini akicheka. Mwamuzi akampima Deo upya, akawa sawa, pambano likaruhusiwa, lakini bukta askari akaishika kuwa kielelezo. Ya zamani ilikuwa vipande mezani kwangu. Basi karani akamwazima bukta yake mwenyewe, na Deo akaingia ndani yake kama mpini ndani ya gunia, wakamfunga kiunoni kwa kamba ya katani.

"Nipeni sindano niipunguze," nikaomba.

"Msimpe sindano huyo!" uwanja ukaitikia.

Deo akasema polepole, "Mjomba, usiniguse."

Raundi ya kwanza alipigana vizuri, nawaapia, na hapa sitii chumvi. Ya pili alimpeleka Nyundo kwenye kamba, mwamuzi akaanza kumtazama Nyundo machoni, na nilimwona promota akinyanyuka kitini. Kisha katani ikalegea. Bukta ikaanza kushuka, na Deo, mtoto aliyelelewa kwa adabu, mama yake ameketi mstari wa mbele, alishusha mkono wa kushoto kuishika. Ndio mkono uliokuwa ukilinda kidevu. Ngumi ya Nyundo sikuiona ikienda. Nilimwona tu Deo amelala, bado ameshika bukta.

Watu waliacha kucheka. Dada yangu alitoa khanga akamfunika miguu. Promota alikunja karatasi zake akaondoka bila kuaga mtu.

Tangu siku hiyo sijawahi kumshonea mtu kitu asichokijua, hata kifungo cha ziada nauliza kwanza. Lakini siku ile, tukipanda mlima wa Kitendaguro jioni, mimi nimebeba glavu, yeye jicho limefumba, nilikuwa bado sielewi. Nikamwuliza, maana lazima mtu aulize, "Sasa Deo mwanangu, kama si kwa pointi, kwa nini wanawapima?"

Alinijibu akiendelea kupanda, wala hakuwa na hasira.

"Wanapima ili tulingane, mjomba. Basi."