Viti vya Walioolewa

Mkutano wa maoni kuhusu sheria ya ndoa ulifanyika hapa machimboni, pembeni ya karasha la kusagia mawe, kwa sababu ndipo palipokuwa na turubai kubwa. Mwenye karasha alikubali kulizima hadi saa sita tu. Baada ya hapo, alisema, ndoa zijitegemee.

Wengi walikuja na kadi za kupigia kura. Kuna mtu alikuwa amepita na pikipiki akitangaza kwamba nchi inapiga kura kuamua ndoa ni nini. Dada mwanasheria aliyetoka mjini akaeleza, tena na tena, kwamba hakuna kura, wanakusanya maoni tu. Labda kura itakuja baadaye, labda mahakama itaamua, labda bunge, hata wanasheria wenyewe wanavutana.

"Kwa hiyo umetuitia labda," mzee mmoja akasema.

Dada yangu alikwenda na swali moja tu. Anaishi na shemeji tangu mimi niko darasa la sita, wana watoto wawili, na shemeji hakuwa ametoa hata ng'ombe mmoja wala kwenda kuandikisha ndoa popote. Kila mwaka alisema tusubiri duara liteme. Duara ni shimo wanalochimba, na kutema ni kutoa dhahabu. Lilitema. Likatema pikipiki, likatema spika mbili za muziki. Ng'ombe halikutema.

Dada hakuwa na haraka mpaka mwaka jana, mume wa jirani yetu alipofukiwa na kifusi. Hata matanga hayajaisha, ndugu za marehemu wakaja na lori, wakabeba kitanda, wakang'oa mabati, wakachukua na watoto. Jirani alipouliza, na yeye akaulizwa: wewe ni nani? Tangu siku hiyo dada akawa anataka kujua yeye ni nani kabla hajaulizwa.

Mimi nilikuwa nimeshamjibu. Nimemaliza kidato cha nne, Uraia nimeusoma.

"Mkikaa pamoja miaka miwili na watu wanawaona mke na mume," nilimwambia, "sheria inawadhania ni wanandoa."

"Inatudhania."

"Ndiyo. Inaitwa dhana ya ndoa."

"Sasa shemeji zangu wakija na lori, hiyo dhana niwaonyeshe iko wapi? Kabatini?"

Nikamwambia angeenda mahakamani. Akaendelea kuchambua mchele. Anapikia wachimbaji, na mimi namsaidia huku nasubiri matokeo, ambayo nayo hayana haraka.

Basi kwenye mkutano mwanasheria akasema, ili maoni yasichanganyike, walio kwenye ndoa wakae viti vya kulia, wasio kwenye ndoa kushoto. Nadhani huko mjini hilo ni jambo la dakika moja. Shemeji akaenda kulia, mstari wa mbele, akakunja nne. Dada akakaa nyuma yake na wanawake. Mimi nikaenda kushoto na vijana wa karasha.

Ndipo baba akasimama. Baba anafuga upande wa Shinyanga, na alipanda basi la alfajiri kwa sababu alisikia kuna kura ya ndoa na yeye ana lake la kusema. Nyumbani kwa dada hajawahi kuingia. Kwake yeye, nyumba ambayo hujapokea ng'ombe zake hukai kwenye kiti chake. Akija anakunywa soda dukani, wajukuu wanapelekwa hapo kumwamkia.

"Maoni yangu mafupi," alisema. "Ndoa ni ng'ombe. Huyu bwana wa shati la bluu ahamie kushoto."

Watu wakacheka. Shemeji akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hama."

"Baba, mbona miaka yote hii tunaishi vizuri tu."

"Hata mimi naishi vizuri na ng'ombe za jirani yangu. Zinapita kwangu kila siku. Si zangu."

Mwanasheria akaeleza kwamba kisheria ng'ombe si lazima. Baba akamwomba aandike kwamba yeye amepinga. Akaandika. Shemeji hakuhama. Akamgeukia dada.

"Waambie mwenyewe. Wewe si mke wangu?"

Nikajua sasa atasema lile nililomfundisha. Dada akainuka, akabeba kiti chake cha plastiki, akavuka nacho, akakiweka kando yangu.

"Vipi?" nikamnong'oneza.

"Sina uhakika. Wasio na uhakika hawajatengewa upande."

Muuza mitumba akabeba kiti chake, akamfuata. Halafu anayeuza dagaa. Halafu wakawa wanahama bila kutazamana. Mwisho upande wa kulia ukabaki na wanaume wengi sana waliooa, mke wa katekista, na mke wa mwenye karasha.

"Sasa hawa wote wameoa nani?" kijana mmoja akauliza.

Mwanasheria akaacha kuandika. Saa sita ikafika, karasha likawashwa. Hayo maoni sijui yalifika wapi.

Baba alipokuwa anaaga pale dukani, dada akatokea na watoto na begi.

"Baba, umesema sijaolewa. Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwako. Asiyeolewa anakaa kwa baba yake."

Baba akahesabu wajukuu, akahesabu nauli. Alikuwa amejiandaa kutoa maoni tu. Wakaondoka wote. Mimi nikabaki na masufuria, nikawa namuuzia shemeji ubwabwa kama mteja mwingine.

Kabla ya mvua shemeji aliuza pikipiki, akanunua ng'ombe mnadani Kahama, akazipeleka kwa baba pamoja na mshenga. Nilikuwepo. Baba hakubishana sana, maana mjukuu mdogo alikuwa ameshamwagia redio yake maji. Wakapeana mikono. Dada akapiga magoti, akasalimia wageni, halafu akasema, "Nashukuru. Ng'ombe ni za baba. Mimi nimepewa nini?"

"Mayu, mama yangu, umepewa mume," mshenga akamjibu.

"Huyo nilikuwa naye."

Baba akauliza kama maana yake ng'ombe si ndoa. Dada akamwambia ni ndoa, ila yeye anataka na ya serikali. Na hakurudi machimboni mpaka walipokwenda ofisi ya wilaya, tangazo lao likabandikwa ubaoni, likakaa mpaka muda wa kupinga ukaisha, wakaweka saini.

Cheti alikitoa nakala. Moja akampa baba, moja akanipa mimi nitunze, nyingine akawatumia ndugu za shemeji, kila mtu na yake. Mmoja wao akapiga simu akauliza nani amekufa.

"Hakuna," dada akamwambia. "Nilitaka ujue mapema."