Mama wa Vitambaa Amesafiri

Mpaka leo sijui kwa nini nilikubali. Nina duka la steshenari hapa Lushoto mjini, na siku ile nilikuwa nimeshakasirika tangu asubuhi kwa sababu mashine ya kutoa kopi ilikuwa inakwama kila baada ya kurasa mbili na wanafunzi walikuwa wamejipanga mpaka nje. Akaingia mwalimu wangu wa zamani wa shule ya msingi, sasa mstaafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akavuta kiti na kukaa.

Alisema wameanzisha kundi la WhatsApp la watu walioipenda ile tamthilia ya Alhamisi, ile ya mama muuza vitambaa, na wamechoka kukaa tu wakikumbushana vituko. Wanataka kufanya jambo la maana. Watakodi ukumbi, kila mtu aingie kwa blanketi moja, na mablanketi yote yaende wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya huko juu, ambako kina mama wanajifungua kwenye baridi ya mwezi wa saba wakiwa wamejifunika kanga tu. Watu kumi watasimama kueleza jinsi mchezo ule ulivyowagusa.

"Wewe uliuangalia?" akaniuliza.

"Kila wiki, mwalimu. Nilikuwa namtafsiria bibi yangu kwa Kishambaa."

"Basi wewe utasema."

Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliyenifundisha kusoma.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana siku ya ukumbi sikupewa nafasi ya kulieleza. Nililelewa na bibi mzaa mama, kijiji kimoja upande wa Bumbuli, ng'ambo ya mashamba ya chai. Televisheni ilikuwa moja tu, ya fundi cherehani jirani yetu, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akiiwasha kwa betri ya gari. Kila Alhamisi baada ya swala ya magharibi watoto tulikaa chini kwenye mkeka na wakubwa kwenye mabenchi. Bibi alikuwa na kigoda chake mwenyewe, anakwenda nacho na kurudi nacho. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, salamu, pole, asante. Kile cha kwenye mchezo, cha watu wa pwani wanaosema haraka huku wakicheka, hakukipata kabisa. Kwa hiyo nilikaa ubavuni pake, upande wa sikio lililosikia vizuri, nikamnong'oneza kila kitu.

Mama wa kwenye mchezo alikuwa na kibanda cha vitambaa, mume mlevi na mawifi watatu wenye roho mbaya. Alijifunga kanga juu kidogo ya kiuno, fundo likiwa upande wa kushoto, kama mama yangu alivyokuwa akifunga. Bibi ndiye aliyeliona hilo kwanza. Alinigusa goti akaniambia, "Mwangalie, kama mama yako." Mama yangu alikuwa amefariki miezi minne tu kabla ya hapo. Tulimzika upande wa juu wa nyumba, kwenye ule mteremko wa migomba, na bibi hakuwa amesema jina lake tangu siku ile. Lakini kila Alhamisi alianza kujiandaa mapema. Makande yaliinjikwa mchana ili jioni pasiwe na kisingizio cha kuchelewa.

Kisha ikafika wiki ambayo mama wa vitambaa alikufa. Aliugua, akalazwa, na daktari akatoka nje akawaambia ndugu, "Ametutoka." Watazamaji wote wakashika vichwa. Bibi akanivuta mkono. "Wanasemaje?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijua neno la Kishambaa la kufa, nilikuwa nimelisikia vya kutosha mwaka ule, na lilikataa kutoka. Nikamwambia, "Amesafiri. Amekwenda kwa dada yake mbali. Atarudi."

"Mbona wanalia?"

"Amekufa jirani yao."

Akamsikitikia yule jirani sana. Fundi cherehani alisikia, akanigeukia akanitazama, kisha akageuza uso kwenye televisheni. Wiki zilizofuata niliendelea na uongo wangu, na mchezo ukiisha nilimwondoa bibi kabla watu hawajaanza kuuzungumza. Wakisoma barua ya shangazi, mimi nasema barua imetoka kwa mama wa vitambaa, anawasalimu. Wakigombania kibanda chake, nasema wanakitunza mpaka arudi. Mchezo ukaisha, na kwa bibi hakuwa amerudi bado.

Hiyo ndiyo kumbukumbu niliyoiandika. Kurasa mbili na nusu. Mwalimu alizisoma palepale dukani akiwa ameshika kalamu nyekundu, kama zamani.

"Fupisha. Hapa pa mazishi ya mama yako, toa. Watu wanakuja kufurahi, wanakuja kuchangia."

"Mwalimu, bila hapo haieleweki nilidanganya kwa nini."

"Itaeleweka. Mtoto anadanganya tu. Halafu mbona husemi lolote kuhusu waigizaji? Ulimpenda nani?"

"Nilimpenda bibi."

Hakucheka. Alikata aya ya pili na ya tatu, akaandika pembeni, "Weka kichekesho." Nikaandika upya. Akarudi tena baada ya siku tatu, akasema kila mmoja sasa ana dakika tatu tu kwa sababu mgeni rasmi amepatikana: mama aliyeigiza mmoja wa wale mawifi. Nikakata tena. Kila nilipokata niliona kilichobaki si changu, lakini nilijiambia ni kwa ajili ya mablanketi, na mtu hawezi kuyanunia mablanketi.

Siku ya siku ikawa Jumamosi yenye ukungu mzito, ule unaoingia mpaka ndani ya nyumba. Tuliambiwa saa nne asubuhi. Saa nne tulikuwa ukumbini, tumekaa na mablanketi magotini, na wengine wakaanza kujifunika yaleyale waliyokuja kutoa. Saa tano hakuna kitu. Saa sita mshereheshaji, kijana mmoja mwenye suti ya kung'aa, akatuambia mgeni rasmi yuko Mombo anapandisha mlima. Saa saba na nusu bado alikuwa anapandisha. Tulipigiwa muziki wa mchezo ule kupitia spika iliyokuwa ikikwaruza, mara kumi au zaidi, mpaka nikauchukia.

Mgeni alipofika watu walisimama kwa vigelegele, nami pia nilisimama, lazima niseme ukweli. Alikuwa mama mcheshi, mnene kidogo kuliko tulivyomkumbuka. Alipewa dakika kumi akazungumza karibu saa nzima, juu ya chakula walichokuwa wakila wakati wa kurekodi na nani aligombana na nani. Wasemaji sita wa mwanzo wakapita. Mmoja alisema alimpenda yule mlevi. Mwingine alilia, sikuelewa kwa nini. Nilikuwa wa saba. Nilipofika mbele mshereheshaji akaniinamia sikioni.

"Dada yangu, dakika moja tu. Mgeni anawahi gari."

Nikaanza kwa haraka. Nikasema kuhusu bibi, kigoda, kunong'ona. Nikafika alipokufa mama wa vitambaa. Nikasema, "Nikamwambia bibi, amesafiri, atarudi." Ukumbi ukacheka. Nikasubiri kicheko kiishe ili niseme sababu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba kalamu nyekundu haitanizuia, nitamtaja mama yangu. Nikafungua mdomo, na kipaza sauti kikaondoka mkononi mwangu.

"Jamani, watoto wa Bumbuli!" mshereheshaji akapiga kelele. "Bibi wa watu anasubiri mpaka leo!"

Wakacheka mpaka wakapiga meza. Mgeni rasmi alicheka akijifuta machozi kwa leso. Mwalimu wangu, kwenye safu ya mbele, alinionyesha dole gumba. Nilisimama pale kidogo mikono mitupu, kisha nikaenda kukaa. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akaniambia, "Umetuchekesha kweli." Nikamwambia asante. Mpaka leo ile asante inaniudhi.

Kabla sijafika nyumbani video yangu ilikuwa imeshawekwa kwenye kundi, na kutoka kwenye kundi ikasambaa kwingine. Chini yake, sura nyingi za kucheka. Wateja walikuja dukani wakiniuliza, "Bibi hajaambiwa tu?" Nilimpigia mwalimu, nikamwomba aseme kwenye kundi kwamba nilikatizwa. Akaniambia, "Mwanangu, mbona unalichukulia hivyo? Tumepata mablanketi mengi kuliko vitanda. Shukuru." Ilikuwa kweli.

Siku ya tano akanipigia mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Yeye aliolewa Bungu, upande wa Korogwe, na bibi aliishi kwake miaka yake mitatu ya mwisho, nikiwa nasoma bweni na baadaye chuo. Hakujibu hata shikamoo yangu.

"Nimeonyeshwa hiyo video. Ni kweli ulimwambia hivyo mama?"

"Ni kweli, mama mdogo. Nilikuwa mtoto."

"Ulimwambia atarudi?"

"Ndiyo."

Akasema, "Njoo. Siwezi kuyasema haya kwenye simu."

Nilifunga duka kesho yake nikaenda. Nilimkuta shambani akipalilia maharage. Alikwenda kuosha miguu, akaniletea chai, akakaa mbele yangu. Akanieleza kwamba tangu bibi alipohamia kwake alikuwa akiuliza swali moja, karibu kila siku. Alikuwa anauliza, kwa Kishambaa, "Yule mama hajarudi bado?"

"Sisi tulijua anamuulizia mama yako," akasema. "Tukasema akili zimeanza kumtoka, amesahau msiba. Nikampeleka mpaka hospitali. Daktari akasema ni uzee, tuwe tunamkumbusha taratibu. Basi mimi nikawa namkumbusha. Kila alipouliza, nilimkalisha nikamwambia, 'Mama, alikufa. Tulimzika. Wewe mwenyewe ulikuwepo.' Na kila nilipomwambia alikuwa ananitazama kama mtu aliyepigwa, halafu analia. Miaka mitatu. Mimi nikimzikia mtoto wake upya kila wiki, kumbe labda anauliza habari za mtu wa kwenye televisheni."

Nilikuwa sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bibi alikuwa akiuliza. Nilipokuja likizo niliambiwa tu bibi kachoka, tusimsumbue kwa maswali.

"Lakini mama mdogo, hatujui," nikasema. "Labda kweli alikuwa anamuulizia mama."

"Ndilo linaloniudhi," akasema kwa ukali. "Hatujui! Kama ungenieleza mapema ningemuuliza, 'Mama, mama yupi?' Swali moja tu. Badala yake nimelisikia kwenye simu ya jirani, watu wanacheka nyuma."

Nilimweleza yote, ya kanga na fundo la kushoto na neno lililokataa kutoka. Nilimweleza na ya ukumbini, kwamba nilikuwa nataka kuyasema nikanyang'anywa kipaza sauti. Hapo akanikatiza.

"Ulitaka kuwaambia watu wa ukumbini kabla yangu?"

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimekaa siku tano nikiwakasirikia mwalimu, mshereheshaji, mgeni rasmi na spika yake, na katika siku hizo zote wazo la kumpigia mama mdogo halikunijia hata mara moja. Nilimwomba radhi. Alisema hajui anisamehe nini, maana nilikuwa mtoto, lakini hatasema uongo kwamba moyo wake umetulia, kwa sababu haujatulia. Ananilaumu, kisha anajilaumu, kisha ananilaumu tena.

"Chai imepoa," akasema. "Kunywa, tukamalize ule mstari kabla ya mvua."

Akanipa jembe na kanga ya kufunga kiunoni. Tulipalilia mpaka saa nane. Mara mbili alinigombeza kwamba nakata mizizi, na mara ya tatu hakusema, alikuja tu akanishika mkono na kunionyesha jembe liingie vipi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, tukawa tunaonana kama vivuli. Kutoka upande wake nikamsikia akiniuliza kama yule fundi cherehani bado yuko hai, maana labda bibi aliwahi kumuuliza na yeye kama yule mama atarudi. Nikamwambia alikufa zamani. Akaguna, akaendelea kulima.